Mzigo Ndio Hununua Baiskeli

Leo nina swali linalogusa mfuko moja kwa moja. Familia ya kawaida hapa Kibomet, Kitale, yenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, kipande cha shamba la mahindi na watoto watatu wa shule, je, inafaa ijinunulie baiskeli ya mizigo? Na ikishainunua, pesa zile zitarudi, au zitaishia kwenye chuma kinachoota kutu nyuma ya jiko?

Najua wako watakaocheka. Baiskeli, zama hizi? Wakati kila njia panda pikipiki zimejipanga, ukiinua mkono mmoja zinakujia tatu? Sawa, cheka, lakini usizime redio. Kila siku hapa kwetu kuna vitu ambavyo ni lazima vihame. Maziwa yamfikie mnunuzi kabla hayajachacha. Mahindi yaende kinuni yarudi unga. Maji yatoke kisimani. Mbolea itoke mjini, kabichi na sukuma ziende sokoni, na yule mdogo ambaye miguu yake haijamudu kilomita tatu afike shuleni kabla ya kengele. Vitu hivi havijibebi. Yupo anayebeba, na yupo anayelipa. Ukiona nyumba haimlipi mtu yeyote, mwangalie mama wa nyumba hiyo, shingo yake na mgongo wake. Malipo yako hapo.

Kwa hiyo rai yangu ya leo ni hii. Usianze na bei ya baiskeli, anza na mzigo. Penye mzigo wa kila siku, baiskeli hujilipa hata ikiwa ghali kidogo. Pasipo mzigo, hata ukipewa ya bure imekujazia nyumba.

Tukumbushane tulikotoka. Magharibi mwa Kenya ni nchi ya baiskeli tangu zamani. Biashara ya boda boda yenyewe ilianzia mpakani, Busia, miaka ya 1960, vijana wakivusha watu na bidhaa kati ya upande wa Kenya na ule wa Uganda. Kutoka hapo ikaenea Malaba, Bungoma, Webuye na Kimilili, ikapanda hadi hapa Kitale. Wenye umri wangu wanazikumbuka zile keria zilizotandikwa mto wa sponji, ukashonewa kitambaa chenye vishada vya rangi, na madigadi ya nyuma imeandikwa jina la mwenyewe au la mtoto wake wa kwanza. Kisha serikali, katika mwaka wa 2008, ikaondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, zile zisizozidi cc 250. Bei zikashuka, pikipiki zikafurika, na haikuchukua miaka mingi abiria akahama. Nani angekataa? Pikipiki inapanda mlima bila kutoa jasho.

Lakini abiria alipohama, mzigo haukuhama wote. Simama kando ya barabara asubuhi mapema uangalie. Utaona mikebe ya maziwa ikining'inia pande mbili za keria. Utaona kreti za mkate, magunia ya makaa, kuku waliofungwa miguu, na mitungi minne ya maji inayosukumwa taratibu na kijana aliyevaa gambuti. Chini ya mizigo hiyo yote ni ile ile mamba nyeusi: magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, fremu nzito isiyojua mitindo. Nyingi zimetoka India, kwa akina Hero wa Ludhiana, kampuni ambayo mwaka 1986 ilitambuliwa kuwa ndiyo inayotengeneza baiskeli nyingi kuliko zote duniani. Watu hawa hawaendeshi baiskeli kwa kukosa habari za pikipiki. Wamepiga hesabu.

Wenzetu wa Ulaya nao wana baiskeli zao za mizigo, na za kwao ni za familia hasa. Kule Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1984 mafundi wa mtaa wa Christiania waliunda baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele. Watoto huketi sandukuni, wakafungwa mikanda, mzazi akakanyaga pedali nyuma yao. Waholanzi nao wana za kwao, na siku hizi nyingi zina mota ya umeme. Familia ya kule ikiitazama bei, huilinganisha na bei ya gari la pili, kwa hiyo huona imeokoa. Lakini baiskeli kama hiyo ya umeme hufika euro 5,000 na kupita. Zibadilishe ziwe shilingi, ni zaidi ya laki sita. Kwa pesa hizo hapa Kitale unapata pikipiki tatu mpya. Tena sanduku lile limeundwa kwa lami tambarare. Liingize kwenye vijia vyetu mvua za Aprili zikianza, matope mekundu yamejaa kwenye madigadi, halafu uniambie ni nani anayembeba mwenzake, wewe au baiskeli.

Tukirudi Afrika, kila mahali watu wamejitafutia dawa ya mzigo wao. Dar es Salaam wana guta, magurudumu matatu na jukwaa la kupakia saruji, magodoro na maji. Goma, mashariki mwa Congo, wana chukudu, chombo cha mbao kisicho na pedali hata moja. Husukumwa kwenye kilima, kikaachiwa mteremko, na kimebeba viazi na makaa kutoka vijijini hadi mjini kwa miaka mingi, mpaka mji huo ukakijengea sanamu. Chukudu imefaulu kwa sababu inatengenezwa Goma, kwa mbao za huko, na ikivunjika inatengenezewa huko huko. Hilo liweke kichwani, tutalihitaji baadaye.

Na sisi je? Wengi hawajui kwamba Kenya iliwahi kuunda baiskeli yake ya mizigo ikafika hadi New York. Kati ya mwaka 2002 na 2005, shirika moja liitwalo Worldbike liliwaleta pamoja wabunifu, akiwemo Adam French, na fundi wetu Moses Odhiambo na karakana yake. Wakaunda baiskeli ya chuma waliyoiita Big Boda, na mwaka 2007 ikawekwa kwenye maonyesho ya jumba la makumbusho la Cooper-Hewitt, huko New York. Ubunifu wake ulikuwa mwepesi kuueleza: waliirefusha nyuma. Gurudumu la nyuma likarudishwa, keria ikawa ndefu, ikabeba abiria wawili au mzigo ambao keria ya kawaida ingeukataa.

Kwa nini kurefusha? Aliyewahi kubeba gunia la mahindi la kilo 90 kwa baiskeli analijua jibu mikononi mwake. Kwenye mamba ya kawaida, gunia linakaa juu ya ekseli ya nyuma, na sehemu yake inaning'inia nyuma zaidi ya ekseli. Ukifika mlimani, gurudumu la mbele linataka kuinuka na usukani unakuwa mwepesi. Unageuza kulia, baiskeli inaendelea na safari zake. Ukiirefusha nyuma, mzigo unaingia katikati ya magurudumu mawili, na la mbele linabaki chini. Ni hivyo tu. Bahati mbaya, Big Boda ilifika wakati mbaya. Haikupita miaka mingi, pikipiki zikaja kwa wingi na soko la abiria, ambalo ndilo lingeilipia, likaondoka.

Kuna nyingine inayoonekana zaidi siku hizi, ile inayoitwa Buffalo. Hii imetoka kwa shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya ile tsunami ya Bahari ya Hindi, kisha likaelekeza nguvu zake kwenye vijiji vya Afrika. Hapa Kenya makao yao yako Kisumu. Buffalo ina keria iliyoundwa kubeba kilo 100, spoku nene, na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, ambayo mashine yake imefichwa ndani ya habu ya gurudumu. Hiyo si anasa, msikilizaji. Breki ya vyuma ya mamba hukamata rimu, na rimu ikilowa maji breki inateleza. Breki iliyofichwa ndani ya habu haijali mvua. Kwa anayeteremka na lita 40 za maziwa Julai, hiyo ndiyo tofauti ya kufika sokoni na kufika hospitali.

Hata hivyo wengi wetu tutachukua njia ya tatu, ya mamba iliyoimarishwa na fundi wa jua kali, na hapo nataka tukae kidogo. Mwendee fundi yeyote mzoefu mjini Kitale, umwambie unataka baiskeli ya kubebea maziwa. Hatakuuliza unapenda rangi gani. Atakuuliza ni lita ngapi, na mlima uko wapi, wakati wa kwenda au wakati wa kurudi. Kisha ataipindua, kiti na usukani chini, magurudumu juu, aanze na la nyuma. Spoku nyembamba za kiwandani zitatoka, zitaingia nene. Atazibana moja baada ya nyingine, kila mara akizigonga kwa ncha ya bisibisi na kusikiliza, maana spoku iliyolegea inalia sauti nzito na iliyobana inalia nyembamba. Gurudumu likizunguka bila kuyumba, atageukia keria. Ile bati ya dukani ataitupa pembeni, achomelee ya nondo, yenye miguu minne inayoshuka hadi kwenye ekseli. Ataweka vyuma viwili vya kuisaidia foku ya mbele, stendi pana ya miguu miwili ili baiskeli isimame yenyewe ukiipakia, na ndoano kila upande za kushika mikebe. Mwisho atachukua tyubu kuukuu ya pikipiki aikate vipande virefu. Hizo ndizo kamba. Kamba ya katani hulegea baiskeli ikirukaruka kwenye mashimo, lakini mpira huvutika ukarudi, na gunia halisogei.

Angalia kila kitu alichotumia fundi huyo kinapatikana wapi. Nondo iko kila duka la vyuma. Spoku, gololi, cheni na tyubu ziko Kitale, ziko Kiminini, ziko Bungoma, ziko hata kwenye soko la Chwele. Fundi mwenyewe yuko chini ya mwembe umbali wa kutembea. Hapa ndipo tunarudi kwa chukudu ya Goma. Chombo cha kazi ambacho spea zake zinaagizwa ng'ambo kitakulaza njaa siku kitakapovunjika, hata kiwe kizuri namna gani. Kabla hujanunua baiskeli ya aina yoyote, muulize fundi wako kama ameshawahi kuifungua. Akikuna kichwa, funga pochi.

Sasa tuchukue kalamu. Bei nitakazotaja ni za mfano, wewe utaweka zako. Tuseme mamba mpya pamoja na kazi yote ya fundi imekugharimu shilingi 18,000. Nyumba ya kwanza inapeleka maziwa siku sita kwa wiki, na boda inatoza mia kila siku. Hizo ni shilingi 600. Kinu cha kusaga ni mara mbili kwa wiki, mia mia, basi 200. Siku ya soko kuna mzigo wa mboga, 200 nyingine. Jumla ni shilingi 1,000 kila wiki. Baiskeli nayo inakula. Kuna pancha, kuna grisi, gololi, vipande vya breki, na tairi ya nyuma ambayo haidumu chini ya mzigo. Tenga 250 kila wiki hata wiki ambayo hakuna kilichoharibika. Zinabaki 750. Gawanya 18,000 kwa 750, unapata wiki 24. Miezi mitano na nusu hivi, baiskeli imerudisha pesa zote, na bado iko imara inaendelea na kazi.

Nyumba ya pili haina ng'ombe wala mboga za kuuza. Inachohitaji ni kusaga mara mbili kwa wiki. Nauli ni 200. Baiskeli isiyofanya kazi nyingi tuseme itunzwe kwa 100, basi inaokoa 100. Gawanya 18,000 kwa 100, unapata wiki 180, karibu miaka mitatu na nusu. Nyumba hiyo isinunue. Imwite boda, imlipe, wasalimiane, yaishe. Baiskeli ya mizigo ni kama ng'ombe wa maziwa: hata siku usipomkamua, majani anataka.

Umeona jambo? Baiskeli ni ile ile, bei ni ile ile, fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni mzigo. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama baiskeli ya mizigo ni ghali, siwezi kumjibu mpaka aniambie anabeba nini, mara ngapi, na umbali gani. Chini ya kilomita moja, toroli linatosha. Zaidi ya kilomita kumi kwenye vilima vya kuelekea Mlima Elgon au Cherangani, mwache mwenye injini afanye kazi yake. Uwanja wa baiskeli uko hapo katikati, na bahati yetu ni kwamba maisha mengi ya Kibomet yako hapo katikati pia.

Wako watakaoniuliza habari za baiskeli ya umeme. Ni kitu kizuri, na kwenye mlima inapendeza. Lakini rudi kwenye kalamu. Ukiipata kwa shilingi 90,000, tuseme, yule mwenye ng'ombe anayeokoa 750 kwa wiki atahitaji wiki 120 kuirudisha, zaidi ya miaka miwili, kabla hatujahesabu stima ya kuchaji. Na betri huzeeka hata ukiitunza. Inafaa kwa anayefanya biashara ya kubeba kutwa nzima. Kwa familia, bado mapema. Pikipiki mpya yenyewe inapita laki moja na nusu, na kila asubuhi inadai petroli kabla haijakuambia habari za asubuhi.

Tena kuna suala la pesa zinatoka wapi. Tafadhali, usinunue baiskeli kwa mkopo wa simu. Mkopo ule unataka urudi ndani ya mwezi, na tumeona kwamba baiskeli nzuri, kwenye nyumba yenye mzigo mzuri, inarudisha pesa kwa miezi mitano na nusu. Miezi minne na nusu hiyo katikati utakuwa unamkopa huyu umlipe yule. Akina mama wana njia bora, nayo ni chama. Mzunguko mmoja wa chama cha watu kumi na wawili unaweza kununua baiskeli kwa taslimu, bila riba. Wako hata wanaoweza kununua moja kwa nyumba tatu jirani, mmoja maziwa asubuhi, mwingine kinu mchana, wa tatu maji jioni. Mzigo wa nyumba tatu ukikutana, hata ile nyumba ya pili tuliyoikataza itaingia kwenye hesabu.

Lakini hesabu ya shilingi ina upofu wake. Haioni muda, na haioni mtoto. Nchini Zambia, wasichana wa shule wanaoishi zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni walipewa baiskeli, na mwaka 2017 na 2018 watafiti wakawafuatilia na kuwalinganisha na wenzao wasiopewa. Muda wa safari ulipungua kwa kama thuluthi moja. Kutokuwapo shuleni kulipungua kwa zaidi ya robo. Kuchelewa kulipungua kwa asilimia 66. Hakuna shilingi hata moja katika takwimu hizo, lakini mzazi yeyote anayesikiliza anajua thamani ya mtoto anayefika darasani kabla mwalimu hajaanza kuandika ubaoni.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo huwa tunalizungumza kwa sauti ya chini. Baiskeli iko mikononi mwa nani saa moja asubuhi? Katika nyumba nyingi za kwetu, baiskeli ni ya baba na mzigo ni wa mama. Baba anaipanda hadi senta, anaiegemeza ukutani, anacheza drafti na wazee wenzake mpaka jua la saa sita. Mama huku nyuma anabeba lita 20 za maji kichwani, yaani kilo 20, kisha anarudi kuchukua lita nyingine 20. Nyumba ya namna hiyo imenunua baiskeli ya matembezi kwa bei ya baiskeli ya mizigo. Baba zangu, sisemi kwa kuwavunjia heshima. Nasema zile wiki 24 zinahesabiwa kwa zile siku tu ambazo baiskeli imebeba mzigo.

Utasikia mtu akisema mwanamke kupanda baiskeli si desturi. Mila haijawahi kubeba mtungi wa maji. Kama tatizo ni lile bomba la juu la fremu linalomsumbua mwenye sketi, zipo fremu zenye bomba la chini, na fundi anaweza kuziimarisha vile vile. Na hata asiyejua kuendesha anaweza kusukuma. Mitungi minne inayosukumwa kwenye baiskeli ni safari moja. Mitungi minne ya kichwani ni safari nne. Wafundisheni wasichana kuendesha wakiwa wadogo, kiwanjani, siku za likizo. Kuanguka kwa mtoto kunapona haraka.

Sasa neno juu ya usalama, maana sitaki mtu aniambie nilimtuma barabarani bila kumwonya. Barabara kuu inayotoka Kitale kwenda Kapenguria na Lodwar inapitisha malori mazito ya kuelekea Turkana na Sudan Kusini, na dereva wa lori aliyelala kwa saa mbili tu usiku wa jana hatakuona wewe na gunia lako. Bandika vipande vya kung'aa nyuma ya keria na kwenye pedali. Pita njia za ndani kila unapoweza, hata zikiwa ndefu. Usibebe mzigo usiku. Ukibeba mtoto, hakikisha kuna bati au wavu unaofunika spoku, maana kisigino cha mtoto kikiingia kwenye gurudumu linalozunguka, ni jeraha baya mno. Mtoto mmoja, wawili kama keria ni ndefu na imewekewa mahali pa kushikia na pa kukanyaga. Watatu, hapana. Na kila wiki, kabla ya mzigo wa kwanza, shika breki zote mbili usukume baiskeli. Ikienda, usiende nayo.

Serikali ya kaunti nayo isikie. Katiba ya mwaka 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeziweka barabara za kaunti mikononi mwa kaunti. Hatuombi njia za baiskeli kama za Copenhagen. Tunaomba greda inapopita ichonge na kijia kando ya barabara, mitaro izibuliwe kabla ya mvua ya Machi, na kila daraja dogo linalojengwa liwe na nafasi ya anayesukuma mzigo. Kijia cha mita moja na nusu kinapunguza gharama ya kila lita ya maziwa inayotoka shambani. Kila mwaka kuna mikutano ya bajeti ya kuwauliza wananchi wanataka nini. Nendeni mkaseme hivyo.

Basi nimalize kwa uamuzi wangu, kwa vile mazungumzo yasiyo na uamuzi ni kelele tu. Kwa familia ya Kibomet yenye mzigo wa karibu kila siku, kati ya kilomita moja na kumi, yenye fundi jirani, na iliyokubaliana kwamba baiskeli itakwenda na mzigo badala ya kwenda na baba, baiskeli ya mizigo inafaa kununuliwa, na inunuliwe ile inayofahamika na mafundi wa hapa. Kwa familia ya mzigo wa mara moja moja, isubiri, au ijiunge na majirani.

Na kabla hujatoa hata senti, fanya kazi moja ndogo. Chukua daftari, na kwa wiki moja kamili andika kila kitu kilichobebwa nyumbani kwako: kilikuwa nini, kilo ngapi, nani alikibeba, alilipwa ngapi, na alichukua muda gani. Mzigo wa mama uandike pia, uuwekee bei ambayo ungemlipa boda. Jumapili jioni mkae pamoja, baba, mama na watoto, mjumlishe, mtoe gharama ya matunzo, kisha mgawanye bei ya baiskeli kwa kile kilichobaki. Ikiwa pesa zinarudi kabla ya mwaka kwisha, nendeni kwa fundi. Zisiporudi, mmeokoa shilingi elfu kumi na nane kwa daftari la shilingi thelathini.